Porsche 911 ya 997 iliyotumika: namna ya kuikagua na kuipa bei ukiwa Arusha au Moshi

Porsche 911 aina ya 997 ilitengenezwa kuanzia 2004 hadi 2012, na kwa macho yetu ndiyo 911 ya kupozwa kwa maji iliyozeeka kwa heshima kuliko zote. Taa za mviringo zimerudi, bodi ni nyembamba kuliko za leo, usukani bado unatumia haidroli, na unaihisi barabara mikononi. Ni gari ambalo fundi makini anaweza kulifanyia kazi bila kiwanda kizima nyuma yake. Lakini ni gari lenye injini ambayo ikiharibika gharama yake inalingana na kununua gari jingine zima, na kasoro hizo hazionekani kwenye picha wala kwenye rangi inayong'aa.

Hukumu yetu tuiseme mapema. Kati ya 997 zote, inayomfaa mnunuzi wa huku ni Carrera ya toleo la pili, lile lililoanza kutoka katikati ya 2008, yenye injini ya cc 3,614 na nguvu za farasi 345. Toleo la kwanza, Carrera ya cc 3,596 au Carrera S ya cc 3,824, tunalikubali iwapo tu injini imechunguzwa ndani kwa kamera, kama tutakavyoeleza. Bila kamera, usilipie hata kama muuzaji anashusha bei kila siku.

Kodi haiangalii hali ya gari

Anayeagiza gari la michezo kutoka Japani au Uingereza aanze hapa, kwa sababu hapa ndipo hesabu za wengi zinapokwenda kombo. Mamlaka ya Mapato, TRA, hukadiria thamani ya gari lililotumika kwa mfumo wake wenyewe: chapa, modeli, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini. Risiti yako ya mnada haitawali. Juu ya thamani hiyo unakuja ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000, ushuru wa uchakavu asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10, kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote. 997 zote sasa zimevuka miaka 10, kwa hiyo hakuna inayokwepa ile 30.

Tufanye hesabu kwa namba nyepesi. Thamani ya forodha ikiwa shilingi milioni 100, ushuru wa forodha ni milioni 25, jumla 125. Asilimia 10 ya hapo ni milioni 12.5, asilimia 30 ni milioni 37.5, jumla imefika 175. VAT ni milioni 31.5. Umefika milioni 206.5 kabla ya tozo ndogo ndogo za reli na forodha, bandari, wakala na kulitoa gari Dar es Salaam hadi Arusha. Viwango huguswa na bajeti ya kila Juni, hivyo pitia kikokotoo cha TRA wiki ile ile unayotaka kulipa.

Sasa tazama maana yake. Magari mawili ya mwaka mmoja, moja zima na jingine lenye silinda zilizochanika, yatalipa kodi ile ile. Ukipata bovu kwa punguzo la dola 8,000 mnadani, punguzo lako linaishia dola 8,000. Kodi haishuki nalo. Na kutengeneza injini ya 997 iliyochanika silinda, katika nchi zenye mafundi wake, ni kazi ya dola 15,000 na kupanda. Kwa mnunuzi wa Tanzania gari la bei rahisi ndilo ghali, tena kuliko ilivyo kwa Mwingereza, kwa sababu yeye hakutanguliza kodi ya zaidi ya bei nzima ya gari. Toa fedha zaidi upate gari bora, kodi inabaki pale pale.

Jambo jingine kwa anayeagiza Japani: Porsche nyingi za kule zina usukani wa kushoto, kwa sababu Wajapani wengi walizipenda hivyo. Picha ya mbele huenda isikuambie. Omba picha ya dashibodi yote. Huku kwetu usukani wa kushoto utakusumbua kwenye usajili, utakusumbua kila unapotaka kulipita lori barabara ya Moshi, na utakusumbua siku ya kuuza.

Karatasi ya mnada isomwe herufi kwa herufi. Daraja 4.5 na 5 ni magari safi, 4 ni la kawaida zuri, 3.5 lina makovu, na R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi ni ukubwa wa kasoro. W2 kwenye tako la nyuma la 997 itufanye tusimame, kwa sababu kipande hicho kimechomelewa na bodi, si cha kufungua kwa bolti. Hati ya kusafirisha gari kutoka Japani nayo huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa nyuma pamoja na tarehe zake. Ukiona pale 71,000 na dashibodi inasema 46,000, mazungumzo yamekwisha.

Injini: penye fedha yote

Injini za toleo la kwanza, familia ya M97, zina maradhi mawili makubwa na watu huyachanganya.

La kwanza ni beringi ya shafti ya kati, shafti inayopeleka mwendo kutoka krenki kwenda kwenye minyororo ya kamshafti. Beringi hiyo ikisagika, minyororo inapoteza mpangilio, vali zinagonga pistoni. Ndiyo iliyoipa sifa mbaya 996, ile 911 iliyotangulia 997. Kwenye 997 Porsche waliweka beringi kubwa zaidi, ya kawaida kwa magari ya 2006 na kuendelea, na kufa kwake ni kwa nadra. Ubaya ni kwamba hiyo kubwa haitoki bila kuipasua injini nzima, wakati ile ndogo ya zamani hubadilishwa gia boksi ikiwa chini. Kwa hiyo 997 ya 2005 yenye beringi ndogo ambayo tayari imebadilishwa, na risiti ipo, wala haitutishi.

La pili ndilo tunaloliogopa: kuchanika kwa kuta za silinda. Kuta hizo ni aluminiamu yenye chembe za silikoni, na pistoni ina ngozi nyembamba ya chuma. Ngozi hiyo ikibanduka, aluminiamu inasuguana na aluminiamu, na ukuta unachorwa mistari. Huanza zaidi upande wa silinda ya 4, 5 na 6, na silinda ya 6 ndiyo mgonjwa wa kawaida. Dalili zake ni mlio wa tiki-tiki unaotoka upande mmoja injini ikiwa ya moto, bomba moja la ekzosi kuwa jeusi kuliko mwenzake, plagi za upande mmoja kuwa na masizi yenye mafuta, na oili kupungua. Usikilize injini ikiwa baridi, kisha isikilize tena baada ya dakika 30 za mwendo. Injini nyingi zilizoumia hunyamaza asubuhi na kuanza kusema zikishapata moto.

Fundi wengi hapa hukimbilia kipimo cha kompresheni. Kipimo hicho peke yake hakitoshi: silinda iliyochanika inaweza kusoma vizuri kabisa kwa sababu oili iliyojaa kwenye ile mistari inaziba. Na kuna jambo la hapa kwetu ambalo vitabu vya gari havikuandikii. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Silinda ambayo pwani ingesoma baa 14, Arusha itasoma 12 tu, na ni nzima. Moshi, iliyo chini zaidi, itakuwa katikati. Kwa hiyo usilinganishe namba na kitabu. Linganisha silinda na silinda. Tofauti ya kubwa na ndogo ikizidi asilimia 15, uliza maswali. Kipimo cha kuvuja, kile cha kujaza upepo kwenye silinda na kusoma asilimia inayopotea, hakiathiriwi na mwinuko kiasi hicho: chini ya 10 ni safi, juu ya 20 ni kasoro, na masikio yatakuonyesha upepo unatokea wapi. Kwenye ekzosi ni vali, kwenye mfuniko wa oili ni pistoni au ringi.

Mwinuko huo huo unakula nguvu. Carrera ya farasi 325 ikiwa Arusha inatoa kama 280. Muuzaji akikwambia gari "linaonekana zito kwa sababu ya hewa ya huku" anasema kweli, ila kwa kiasi hicho tu. 997 Turbo haipungui hivyo kwa sababu turbo zinajaza pengo.

Kipimo cha kweli ni kamera. Ingiza kamera nyembamba yenye kichwa kinachogeuka kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa chini kabisa, uangalie ukuta wote. Bora zaidi, mwaga oili, fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini), uchungulie silinda kutoka chini, maana mikwaruzo mara nyingi huanzia sehemu ambayo kamera ya juu haifiki vizuri. Mstari mmoja mwembamba usioshikwa na kucha ni wa umri. Ukanda mpana wa mistari iliyosimama, wa rangi ya kijivu iliyofifia, ndio ugonjwa. Kazi ya plagi ni kama saa mbili na nusu kwa fundi asiye na haraka, kwa kuwa injini iko nyuma na plagi zinatazama magurudumu. Sampu inaongeza saa moja na gasketi ya kumimina. Muuzaji akikataa kufunguliwa plagi, amekwisha kukujibu.

Ukiwa umemwaga oili, kata filta. Hii ni hatua tunayoipenda kuliko zote kwa sababu haihitaji kompyuta. Filta ya 997 ni ya karatasi, iko ndani ya kikombe cha plastiki. Itoe, kata mikunjo yake kwa wembe, kamua oili, itandaze juu ya karatasi nyeupe juani. Vijisehemu vya kahawia au vyeusi vinavyovunjika kwa kucha ni plastiki ya reli za minyororo: reli zimechakaa, si msiba. Vumbi linalong'aa lisiloshikwa na sumaku ni aluminiamu, au bushi za krenki. Vinavyorukia sumaku, hasa vikiwa kama mapande madogo yenye makali, ni chuma cha beringi, na injini hiyo isiwashwe tena hata kwa kuisogeza kivulini. Filta safi kabisa kwenye gari ambalo halijamwagwa oili kilomita 8,000 ni habari njema yenye thamani ya fedha, na tunaiongeza kwenye bei.

Oili ni kama lita 8, yenye idhini ya Porsche A40, kwa kawaida 0W-40. 997 haina kijiti cha kupimia. Kiwango kinasomwa kwenye dashibodi, gari likiwa sehemu tambarare. Kipimo kikisomwa gari likiwa limeinama uwani, hata kidogo, kitakudanganya. Petroli ni ya okteni (RON) 98 kwa matakwa ya kiwanda, na 95 ndiyo ya chini. Ukijaza 95, sensa zinazosikiliza injini ikigonga zitachelewesha cheche za plagi na utapoteza nguvu kidogo, lakini injini haitaumia.

Moshi wa buluu wakati wa kuwasha usiukimbie. Injini ya silinda zilizolala hubakiza oili kidogo kwenye silinda, hasa ikiegeshwa kwenye mteremko, na wingu la sekunde tatu ni kawaida. Wingu jeupe zito lisiloisha, na mfuniko wa oili unaovutwa kwa nguvu injini ikiwa inanguruma polepole, ni kichujio cha mvuke wa oili kilichopasuka. Kipuri chenyewe si cha kutisha, ila kikiachwa hunywesha injini oili. Unyevu wa oili pale injini inapokutana na gia boksi ni sili ya nyuma ya krenki: jasho tu livumilie hadi siku ya klachi, matone sakafuni yatoe kwenye bei.

Toleo la pili lina injini mpya kabisa. Haina shafti ile ya kati, kwa hiyo haina beringi yake, na kuta za silinda ni za aina nyingine inayostahimili zaidi. Ndiyo sababu ya hukumu yetu ya mwanzo. Turbo na GT3 za toleo la kwanza zina injini ya ukoo mwingine, imara sana, ila mabomba yake ya maji yamegundishwa kwa gundi kwenye viungio. Yakichomoka, maji yote humwagika mbele ya tairi la nyuma ukiwa kwenye mwendo. Uliza kama yamechomelewa au kufungwa kwa pini. Kama bado, hesabu kushusha injini.

Kompyuta inavyosema umri wa kweli

Baada ya kamera, chomeka skana inayoielewa Porsche: PIWIS ya kiwanda, au Durametric inayotumia kompyuta ya kawaida. Skana za jumla zinazotumika kwa Toyota husoma taa ya injini na kuishia hapo. Unachokitaka ni ripoti ya mizunguko iliyopita kiasi, pamoja na saa za injini.

Mizunguko hiyo imegawanywa madaraja 1 hadi 6. La 1 hadi la 3 kwa kawaida ni dereva kukanyaga hadi kikomo, na kikomo kinailinda injini. La 4 hadi la 6 hutokea pale tu dereva wa gia za mkono anapoteremsha gia isiyo sahihi, magurudumu yakaisukuma injini zaidi ya kikomo, na hapo hakuna ulinzi. Kompyuta huhesabu kila mwako wa plagi. Injini ya silinda 6 kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika ina miako 400 kwa sekunde.

Chukua mfano wa ripoti hii: daraja la 1, miako 5,210, daraja la 4, miako 38 kwenye saa ya 612, jumla ya saa za injini 2,145. Miako 38 ni chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na injini imefanya kazi saa 1,533 baada ya hapo. Hiyo tunaipitisha. Miako 900 ya daraja la 5 iliyotokea saa 20 zilizopita hatuigusi, hata injini ikinguruma kama paka.

Saa hizo hizo zinafichua kilomita zilizorudishwa. Gawa kilomita kwa saa. Kilomita 61,000 kwa saa 2,145 ni wastani wa 28 kwa saa, mwendo wa gari lililoishi mjini. Dashibodi ikisema 27,000 kwa saa hizo hizo, wastani ni chini ya 13, gari lingekuwa limekaa foleni maisha yake yote. Hapo angalia viti, hasa ubavu wa kiti cha dereva upande wa mlango, mpira wa pedali ya breki, na herufi kwenye vitufe vya dirisha. Ngozi ya kiti haifutwi kama namba.

Vumbi, majani na matuta

Rejeta za 997 ziko mbele, ndani ya pembe za bampa, kulia na kushoto, na mbele ya kila moja kuna kondensa ya AC. Matundu ya bampa yako wazi. Arusha miti ya mijakaranda inapomwaga maua mwishoni mwa mwaka, maua na majani huvutwa humo, hushika vumbi, hulowa mvua, na kugeuka udongo mzito unaooza juu ya aluminiamu. Ukimulika tochi ndani ya tundu la bampa ukaona zulia la kahawia, tarajia kondensa iliyotoboka chini. AC isiyotoa baridi kwenye 997 mara nyingi si "gesi tu", kama muuzaji atakavyosema. Kufungua bampa na kusafisha ni kazi ya nusu siku na inapaswa kufanywa kila mwaka.

Majani hayo hayo huziba mifereji ya maji chini ya kioo cha mbele, karibu na betri. Maji yakikosa njia huingia ndani na kufikia vifaa vya umeme, kama kisanduku cha kufuli na alamu. Gari linalokataa ufunguo wakati wa masika, Machi hadi Mei, na kupona Julai, linasema hivyo. Inua zulia, gusa sifongo iliyo chini yake. Ikiwa na unyevu, kisanduku hicho kiko hatarini.

Washa AC gari likiwa limesimama na injini inawaka, uende mbele ya gari: feni zote mbili lazima zizunguke kwa kasi ndogo. Rezista za kasi ndogo huungua, feni zikabaki na kasi kubwa tu, inayoingia maji yakishakuwa moto mno. Kwenye barabara ya Moshi hutajua. Kwenye foleni ya barabara ya Sokoine, Arusha, mchana wa Februari utajua.

Koili za plagi hupasuka plastiki yake kwa joto na umri. Asubuhi ya ukungu injini inakosa mwako mmoja, saa nne inakuwa nzima. Ziko 6, badilisha zote pamoja. Hii ni kasoro ndogo inayofaa kumshusha muuzaji bei, maana taa ya injini inawatisha wengine wote.

Chini ya gari, matuta ndiyo muuaji. Mikono ya chini ya kusimamishia magurudumu ina bushi zinazochoka, na utasikia ko-ko ukipita tuta kwa pembe, gurudumu moja kwanza. Mpira wa mdomo wa bampa ya mbele kukwaruzika si kosa, kazi yake ndiyo hiyo. Mikwaruzo iliyovuka mpira ikafika kwenye sinia za plastiki zinazoelekeza hewa ndiyo ya kuhesabu. Njiro kwenye barabara za vumbi, changarawe zitakuwa zimekula rangi mbele ya matairi ya nyuma. Kuna karatasi ya ulinzi pale kutoka kiwandani, angalia kama bado ipo.

Kipima rangi kiwe kinachosoma chuma na aluminiamu. Rangi ya kiwandani husoma kati ya maikroni 100 na 150 hivi. Juu ya 200 imepakwa upya, juu ya 500 kuna fila chini yake. Bampa la mbele kupakwa upya ni kawaida kwa gari la umri huu. Nguzo za mlango na matako ya nyuma, hapana.

Matairi ya Carrera S ni 235/35 R19 mbele na 295/30 R19 nyuma, na za kwetu ni za kuagiza. Soma tarakimu nne ubavuni: 2317 ni wiki ya 23 ya 2017. Likizidi miaka 6 lihesabu kama halipo, hata kama meno yamejaa. Diski za breki zina unene wa mwisho uliogongwa kwenye chuma chenyewe. Kalipa za njano ni breki za seramiki: nzuri sana, ila diski moja ni maelfu ya dola, na ukiona kalipa za njano na diski za chuma, uliza zile za kwanza zilikwenda wapi.

Kwa majaribio, ukiwa Moshi chukua barabara ya Himo kwenda Marangu. Mlima ule mrefu unapandisha joto la maji na oili kwa uhakika, na ukigeuka unapata mteremko wa kupima breki. Barabara kuu ya Arusha na Moshi ina sehemu nyingi zenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na hutapata pa kuipa injini mzigo.

Gari ambalo tayari liko hapa

Arusha ina makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na mashirika mengi ya kimataifa, kwa hiyo huwa kuna magari mazuri ya watu wanaomaliza mikataba. Baadhi yaliingia kwa msamaha wa kodi. Gari hilo likiuzwa kwa asiye na msamaha, kodi inadaiwa, na itadaiwa kwako kama mkataba hausemi vinginevyo. Gari lenye namba za Kenya nalo, Namanga ikiwa kilomita mia na kidogo tu, huonekana rahisi kwa sababu hiyo hiyo. Liandikie bei ya kigeni, kisha ongeza hesabu ya kodi tuliyoifanya juu.

Linganisha namba ya chesisi sehemu tatu: kwenye kadi ya gari, kwenye bodi, na inayoonekana kupitia kioo cha mbele. Inaanza na WP0, na herufi ya 10 ni mwaka wa modeli: 5 ni 2005, 8 ni 2008, 9 ni 2009. Hapo ndipo utakapomkamata anayeuza ya 2008 toleo la kwanza kwa bei ya toleo la pili. Chini ya boneti ya mbele kuna kibandiko cha namba za vifaa: 480 ni gia 6 za mkono, 640 ni kifurushi cha michezo cha Sport Chrono, 450 ni breki za seramiki. Kibandiko kikiwa hakipo, huenda boneti imebadilishwa.

Bei yenyewe tunaijenga hivi. Anza na gharama ya kuleta gari zima la mwaka huo hadi Arusha. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, milioni 215. Hiyo ndiyo dari, hakuna gari la hapa linaloizidi. Toa matairi manne kama yamezeeka. Toa mikono ya mbele, kondensa, koili, diski, kila kimoja kwa bei ya kipuri pamoja na usafiri na ushuru wake, kwa kuwa hakuna duka la mjini utakakokipata kesho. Toa kidogo kwa marekebisho: ekzosi ya makelele na springi za kushusha gari zinapunguza thamani, isipokuwa vipuri vya asili vipo kwenye boksi na unakabidhiwa. Ongeza kwa kitabu cha huduma chenye mihuri inayofuatana, kwa gia za mkono, kwa filta safi. Kisha toa sehemu ya kumi nzima kwa sababu ya soko: wanunuzi wa 911 Arusha na Moshi ni wachache, na utakapotaka kuuza gari litakaa miezi. Injini ya toleo la kwanza isiyopigwa kamera, toa gharama yote ya kuifumua, kana kwamba imekwisha kuharibika. Muuzaji akilalamika, mwambie kamera itarudisha fedha yake yote kwa asubuhi moja.

Kituo rasmi cha Porsche kilicho karibu ni cha Nairobi, kilomita 270 hivi kutoka Arusha. Kwa gari la thamani hii safari ya kwenda kukaguliwa inajilipa, ila kibali cha gari kuvuka Namanga kiandaliwe na mwenye gari kwa jina lililo kwenye kadi, na malipo ya awali yasitolewe hadi ripoti ya mizunguko na picha za silinda zote 6 ziwe zimefika mkononi mwako, kila picha ikiwa na namba ya silinda yake.